Kikanisa cha makaburini Malindi: Turathi ya nani?

Msafiri anayepita barabara ya pwani mjini Malindi, akiwa na haraka zake, aweza kukipita kikanisa cha Wareno bila ya kukitambua. Ni kijumba cha chumba kimoja, kuta zake nyeupe kwa chokaa, paa lake la makuti, na ukubwa wake haufikii hata ule wa darasa la kawaida katika shule zetu. Kimesimama uani pamoja na makaburi, kikitazamana na bahari ileile iliyowaleta waliokianzisha. Hakina mnara wala nguzo za fahari. Lau si makuti yake kuwekwa upya kila baada ya miaka, huenda leo tungekuwa tunasimulia habari za kifusi tu.

Miaka michache iliyopita nilisimama mahali hapo na kundi la wanafunzi wangu. Baada ya kuwaeleza machache niliyokuwa nayo, kijana mmoja aliinua mkono akauliza: “Mwalimu, hawa si ndio walioichoma Mombasa? Kwa nini basi sisi tuwatunzie kanisa na makaburi?” Nilimjibu kwa pupa kwamba turathi ni turathi, na kwamba historia haichaguliwi. Wanafunzi walinyamaza kwa heshima. Lakini mwalimu yeyote mwenye uzoefu anajua kwamba kimya cha heshima si ridhaa. Swali lile limenifuata hadi leo, na makala haya ni jaribio la kulijibu kwa utulivu zaidi kuliko nilivyolijibu siku ile.

Hapana budi kukiri kwanza kwamba swali lenyewe ni la haki. Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwezi wa Aprili mwaka wa 1498, baada ya kukutana na uhasama Mombasa. Miaka saba tu baadaye, mwaka wa 1505, Francisco de Almeida aliishambulia Kilwa, kisha akaiteka nyara Mombasa na kuitia moto. Mombasa ilishambuliwa tena mwaka wa 1528 na Nuno da Cunha, na kwa mara nyingine mwaka wa 1589. Malindi ilinusurika kwa kuwa wakuu wake, waliokuwa wakishindania biashara na Mombasa, waliona faida katika kuwapokea wageni wenye mizinga. Urafiki huo haukuwa wa mapenzi. Ulikuwa urafiki wa mizani, kila upande ukipima utapata nini na utapoteza nini. Kikanisa chetu ni zao la mizani hiyo, na anayekitazama bila ya kulikumbuka jambo hili anatazama nusu ya picha.

Pamoja na hayo, ushahidi wa maandishi unaohusu makaburi ya Wareno Malindi hauanzi na vita, unaanza na mazishi. Mnamo mwaka wa 1542, padri Francis Xavier, mzaliwa wa Navarre na mmoja wa waasisi wa shirika la Wajesuti, alipita Malindi akitoka Msumbiji kuelekea Goa. Katika barua aliyoiandika baada ya kufika India, alisimulia kwamba mmoja wa waliokuwa chomboni alifariki, akazikwa Malindi kwa taratibu za Kanisa, na kwamba Waislamu wa mji walipendezwa na namna Wakristo walivyomsitiri maiti wao. Alisimulia pia juu ya msalaba mkubwa wa jiwe uliosimamishwa na Wareno. Kisha akaeleza mazungumzo yake na mtu mmoja mwenye cheo mjini, aliyemlalamikia kwamba ibada imepungua: mji ulikuwa na misikiti 17, naye alisema ni mitatu tu iliyokuwa ikihudhuriwa. Mheshimiwa huyo alitaka kujua iwapo makanisa ya Wakristo yalikuwa yakijaa.

Hebu tulitafakari tukio hilo. Ni mwaka wa 1542, nusu karne haijatimia tangu jahazi la kwanza la Wareno kuonekana katika maji haya. Watu wa dini mbili, ambao mataifa yao yamekwisha kumwagiana damu kusini na kaskazini, wanasimama kwenye ukingo wa kaburi moja. Kisha wawili kati yao wanaketi kulalamikia ulegevu wa waumini. Malalamiko hayo tunayasikia hata leo, katika misikiti na makanisa yetu. Ndiyo maana nasema kwamba kikanisa hiki, kinachohusishwa na ziara ile ya mwaka wa 1542 na ambacho aghalabu hutajwa miongoni mwa majengo makongwe kabisa ya Kikristo katika Afrika ya Mashariki, hakiwezi kusomwa kama ukurasa wa utawala peke yake.

Hapa inafaa kusahihisha makosa mawili yanayorudiwa mno, hata na watu ambao wangepaswa kuwa waangalifu zaidi. Kosa la kwanza ni kusema kwamba kikanisa kilijengwa na Vasco da Gama. Alichokiacha da Gama Malindi ni nguzo ya jiwe yenye msalaba juu yake, iliyo kwenye rasi upande wa kusini wa mji. Na hata pia ya matumbawe inayoizunguka nguzo hiyo ilijengwa karne nyingi baada yake. Kosa la pili ni kudhani kwamba kila tukionacho leo ni cha karne ya 16. Jengo la matumbawe na makuti halidumu kwa kuachwa, hudumu kwa kukarabatiwa. Msingi na kuta zina umri wake, lipu ina umri wake, na makuti ya leo huenda yalikatwa juzi katika mashamba ya minazi. Mwanafunzi asione haya kwa hilo. Lugha yetu nayo ni hivyo hivyo: mzizi ni wa kale, viambishi ni vya kale, lakini maneno mengi yaliyoezekwa juu yake yaliwasili kwa zamu.

Na tukizitazama kuta zenyewe tunapata jibu la kwanza kwa kijana wangu. Mawe yake si ya Ureno, ni matumbawe ya pwani hii. Kilichoyaunganisha ni chokaa, na chokaa ya pwani ilipatikana kwa ufundi uliojulikana na wenyeji karne nyingi kabla ya 1498: vipande vya matumbawe vilipangwa juu ya magogo, vikachomwa hadi vikalainika, vikanyunyiziwa maji, kisha unga wake ukahifadhiwa kabla ya kuchanganywa na mchanga. Paa ni la makuti. Hizi ndizo mali na mbinu zilizojenga misikiti na nyumba za Gede, Mnarani, Takwa na Lamu. Hata Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, ilichongwa katika mwamba wa matumbawe na kuta zake zikainuliwa kwa matumbawe. Ibada iliyofanyika katika kikanisa cha Malindi ilitoka ng’ambo, lakini mwili wa jengo ni wa hapa. Anayekiita kitu cha kigeni tu anawapokonya waashi wa pwani hii sehemu yao, ingawa majina yao hayakuandikwa popote.

Si mbali na kikanisa, karibu na Msikiti wa Ijumaa, yapo makaburi mawili ya nguzo ya karne ya 15. Makaburi ya namna hii ni alama mahususi ya ustaarabu wa Waswahili. Yanapatikana kuanzia pwani ya Somalia hadi Tanzania: Takwa, Mambrui, Gede, Mnarani, Tongoni, Kaole na Kunduchi. Baadhi yake yalipambwa kwa bakuli na sahani za kauri zilizotoka Uchina, zikapachikwa katika lipu ingali mbichi. Mbele ya nguzo hizo, kikanisa cha Wareno huonekana kama mgeni maskini aliyekuja kuomba nafasi katika mji ambao tayari ulikuwa na adabu zake za kuwakumbuka wafu. Somo la usanifu linafaa kuanzia hapo. Mwalimu anayewapeleka wanafunzi kwenye kikanisa na kuyapita makaburi ya nguzo anawafundisha, pasi na kutaka, kwamba historia ya Malindi ilianza na wageni.

Kuna jambo jingine ambalo halihitaji vifaa vyovyote kulifahamu, ila dira na utulivu. Kutoka Malindi, Makka iko kaskazini, karibu moja kwa moja. Maiti wa Kiislamu hulazwa kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla. Kwa hivyo kaburi lake Malindi hulala kati ya mashariki na magharibi, kichwa kikiwa mashariki. Desturi ya kale ya Wakristo nayo ni kumlaza maiti chali, kichwa magharibi na miguu mashariki, ili siku ya kufufuliwa aelekee jua linakochomoza. Mhimili basi ni mmoja, na vichwa vinatazamana pande mbili. Sijui mfano mwingine unaoeleza vyema zaidi hali ya pwani yetu: watu waliotofautiana katika itikadi nzito kabisa, wakalala katika mstari mmoja bila ya kukusudia.

Kazi yangu ni isimu, kwa hiyo msomaji atanivumilia nikihama kutoka kwenye mawe na kuingia katika maneno. Wareno walikaa pwani hii takriban karne mbili, hadi Ngome ya Yesu ilipotekwa na Waomani mwaka wa 1698. Wametuachia maneno ya nyumbani na ya sokoni: meza, leso, bendera, kasha, mvinyo, karata. Lakini katika uwanja wa dini, ambao ndio waliojigamba kuuleta, walichotuachia ni kidogo mno. Tuna neno padri. Mengine mengi tunayoyatumia katika Ukristo wa Kiswahili yana asili ya Kiarabu: kanisa, msalaba, madhabahu, sala, Injili. Neno la Kireno la kanisa ni igreja, na wanaisimu wengi hulihusisha na neno letu gereza. Yaani lile lililokuwa jina la nyumba ya ibada ndani ya ngome likaja kuwa jina la nyumba ya minyororo. Na kana kwamba historia ilitaka kulithibitisha neno hilo, Waingereza waliigeuza Ngome ya Yesu kuwa jela kuanzia mwaka wa 1895 hadi 1958.

Lugha haikuandikiwa hukumu hiyo na mtawala wala na mwandishi. Wasemaji wa kawaida ndio walioitoa, kwa matumizi ya kila siku. Walichukua meza kwa kuwa walikula juu yake. Igreja wakaikataa kama jina la ibada, wakaipokea kama jina la walichokiona: kuta nene na mlango usiofunguka. Kijana aliyeniuliza swali alidhani kwamba kumbukumbu ya maovu ya Wareno imo vitabuni tu. Kumbe imo kinywani mwake kila anapotamka neno gereza.

Katika msamiati wa mauti nako tabaka hizo zinaonekana. Vitenzi vyetu ni vya Kibantu: kufa, kuzika, kulia, kuoza. Kuzimu na mzimu ni vyetu pia. Nomino za taratibu zilizokuja na Uislamu ni za Kiarabu: maiti, kaburi, jeneza. Kitendo tulikuwa nacho tangu jadi. Adabu zake tulizipokea na kuzifanya zetu. Hakuna leo Mswahili, wala Mkenya yeyote, anayehisi kwamba neno kaburi ni la kigeni. Jambo linalowezekana katika lugha linawezekana pia katika turathi ya mawe: kitu chaweza kuja kutoka nje, kikaishi hapa, kikarekebishwa hapa, kikawa chetu bila ya sisi kusahau kilivyokuja.

Wala hatuna haja ya kuyapaka mafuta yaliyotokea. Ukoo wa Malindi ulihamishiwa Mombasa, na muda si muda urafiki ule wa mizani ukapinduka. Sultani Hassan aliuawa mwaka wa 1614 katika ugomvi wake na Wareno. Mwanawe Yusuf alilelewa Goa, akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, akarejeshwa kutawala Mombasa. Mwezi wa Agosti mwaka wa 1631 aliiteka ngome, akamuua kapteni wake na kuurudia Uislamu, na Wakristo wengi waliuawa, wakiwamo Waafrika. Malindi nayo ilififia ikawa mahame, hadi ilipohuishwa katika miaka ya 1860, zama za Sultani Majid wa Zanzibar. Baadaye Wazungu wa enzi ya Waingereza nao walizikwa kando ya kikanisa, na ndiyo sababu ua ule mdogo umebeba zama mbili za utawala wa kigeni.

Lakini Malindi ile iliyohuishwa ililishwa na nani? Mashamba yake ya mtama na ufuta yalilimwa na watumwa, ambao hali yao haikufutwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi mwaka wa 1907. Wao hawana nguzo, hawana msalaba, hawana hata jiwe la kumwonyesha mwanafunzi. Ninapolifikiria swali la kijana yule, jibu ninalolipata ni kwamba dhuluma haiko katika kutunza kaburi la Mreno. Dhuluma ni kuishia hapo. Kaburi lenye jiwe litukumbushe lile lisilo na jiwe, na tunapolitunza la kwanza tuwe tumejifunza kuuliza: la pili liko wapi?

Sasa tuje katika utunzaji wenyewe, maana nia njema bila ya maarifa imebomoa zaidi ya mvua. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi. Hunywa maji na kunywa chumvi ya upepo wa bahari. Lipu ya chokaa huliacha jiwe lipumue, unyevu ukapanda na kutoka. Ukilipaka jiwe hilo saruji, umelifunga mdomo. Unyevu hubaki ndani, chumvi huganda nyuma ya saruji, jiwe hugeuka unga, na siku moja lipu yote huporomoka kama ganda, ikiuchukua na uso wa ukuta. Nimeona kuta za kale zilizozibwa nyufa kwa saruji na watu waliodhani wanaziokoa. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta walisema kweli. Ila kwa jengo la matumbawe tungeongeza kwamba ukiuziba kwa kisichofaa utaujenga ukuta vilevile. Makuti nayo yakichakaa na kuvuja, maji huingia kati ya mawe, na mizizi ya mimea hufuata maji. Jengo halifi siku linapoanguka. Hufa siku mtu wa mwisho anayejua kulipaka chokaa anapokufa bila ya mwanafunzi.

Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Sheria tunazo. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka wa 2006 inazilinda sehemu za kihistoria, na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya ndiyo yenye jukumu hilo. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka wa 2001, Ngome ya Yesu mwaka wa 2011, na Gede mwaka wa 2024. Hayo ni ya kujivunia. Lakini hakuna kifungu cha sheria kinachochoma chokaa, wala orodha inayosuka makuti. Vyuo vyetu vya ufundi vinafundisha saruji na chuma, na ni sawa vifanye hivyo. Je, ni vingapi vinavyomfundisha kijana wa pwani ufundi wa babu zake, angalau kwa kiasi cha kuweza kukitengeneza kijumba cha chumba kimoja?

Walimu wenzangu wana nafasi yao katika jambo hili, nayo haihitaji bajeti kubwa. Mwalimu wa Kiswahili awaelekeze wanafunzi wake wakusanye kwa wazee maneno ya ujenzi wa kale, kwani kila fundi anapoaga dunia kamusi moja hufungwa. Mwalimu wa Historia awapeleke Malindi, waanzie kwenye makaburi ya nguzo, kisha kikanisani, kisha kwenye nguzo ya da Gama, kwa mpangilio wa zama. Walio mbali na pwani wasidhani kwamba hawana cha kufanya, maana sehemu nyingi za nchi zina makaburi ya kale ya misheni, ya reli, au ya vita. Waombe ruhusa, waingie kwa adabu, wasikanyage wala kukwangua. Wanakili maandishi kabla ya mvua kuyafuta, na wawaulize wenyeji ni nani wengine waliozikwa humo bila ya jiwe.

Na kijana wangu, ambaye yamkini sasa naye ni mwalimu mahali fulani, akiyasoma haya apokee jibu nililopaswa kumpa siku ile. Ndiyo, hao ndio walioichoma Mombasa, na usikubali mtu yeyote akufundishe kulisahau hilo. Lakini jiwe la ukuta ule ni letu, chokaa yake ni yetu, ardhi iliyowapokea wafu wale ni yetu, na adabu ya kumsitiri maiti wa mgeni ni yetu tangu kabla ya wao kuja. Tunakitunza kikanisa cha Malindi kwa kuwa ni shahidi, na shahidi hatunzwi kwa sababu ya kupendwa. Anatunzwa ili siku ya kuulizwa awepo kusema.